Maskati Nje ya Matrah: Ushauri kwa Msafiri wa Siku Chache

Wasomaji wanaokusudia kwenda Omani, baadhi yao kwa kuwazuru jamaa, baadhi kwa biashara, na wengine kwa kuwa ndege yao hutua huko wakiwa njiani kwenda kwingine, wameniuliza mara nyingi swali lile lile: mtu akishazunguka soko la Matrah, akanunua ubani na halua, akaitazama Qasri ya Alam pamoja na ngome za Jalali na Mirani zilizosimamishwa na Wareno katika karne ya 16, siku zake zilizosalia azitumieje? Swali ni la haki, kwa sababu mji mkongwe huo, ingawa unapendeza, hauhitaji zaidi ya siku moja ya mtu asiye na haraka, na aghalabu mgeni huumaliza, akarudi hotelini, akaona Maskati imekwisha, ilhali hajaianza.

Jawabu langu ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu: usilale Matrah, na kila siku utakayotoka nje ya mji chagua upande mmoja tu, usijaribu kuunganisha pande mbili.

Uelewe mji kabla ya kukodi chumba

Maskati haina kitovu kimoja. Mji umebanwa baina ya milima mikavu ya mawe na bahari, hata ukalazimika kurefuka kwa kufuata pwani, ikawa kutoka lango la mji wa kale hadi Seeb kwenye uwanja wa ndege na zaidi ni kama kilomita 50, na mishipa yake yote hukutana katika barabara kuu moja iitwayo kwa jina la Sultani Qaboos. Kwa hiyo, mtu anayefikiri atatembea kwa miguu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, kama afanyavyo Mji Mkongwe wa Unguja, atakuwa amejitafutia taabu ya jua bila ya sababu.

Mitaa ya kufikiria ni hii:

- Ruwi. Hapa pana hoteli za bei nafuu, vyakula vya Kihindi na Kipakistani, maduka ya vitambaa, wabadilishaji fedha na kituo kikuu cha mabasi. Pana kelele, lakini mwenye mfuko mwepesi atafaidika.
- Qurum. Pana ufuo mrefu, bustani kubwa, na Jumba la Opera lililofunguliwa mwaka 2011. Bei zake si za mchezo.
- Khuwair na Ghubra. Ni mitaa isiyo na sifa ya uzuri, nami ndiyo ninayoishauri: iko katikati, ina vyumba vya kupanga vyenye jiko, na kutoka hapo unaingia barabara ya bara au ya pwani bila ya kupita msongamano wote wa asubuhi.
- Seeb. Yafaa kwa mwenye ndege ya alfajiri, na kwa apendaye soko la zamani lililo kando ya bahari, ambako wenyeji hununua mahitaji yao na watalii ni wachache.

Utasema: nimekwishaiona Dubai, Maskati itanionyesha nini? Haitakuonyesha maghorofa, kwani serikali ya huko ilikataza tangu zamani majengo yasipandishwe kupita kiasi, na nyumba karibu zote ni nyeupe au za rangi ya mchanga. Anayetafuta minara ya vioo abaki Dubai.

Siku ya kwanza: mji mpya

Anza na Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Ukumbi wake wa wanaume umetandikwa zulia moja lenye eneo la zaidi ya mita za mraba 4,000, lililofumwa na wanawake wa Kiajemi wapatao 600 kwa muda wa miaka 4, na juu yake imening'inia taa ya kioo yenye urefu wa mita 14. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia saa mbili asubuhi hadi saa tano, siku zote isipokuwa Ijumaa. Mwislamu huingia wakati wa swala kama msikiti wowote. Fika mapema, kwa kuwa ikishapita saa tatu mabasi ya watalii huwa yamekwishashusha watu.

Mavazi hayana mjadala:

- mwanamke afunike nywele, mikono hadi vifundo na miguu hadi nyayoni, wala nguo isionyeshe mwili;
- mwanamume avae suruali ndefu na shati lenye mikono;
- asiye na mtandio ataambiwa akodi vazi mlangoni, na fedha hizo angeweza kuzinunulia samaki.

Adhuhuri ikikaribia, rudi kivulini. Alasiri nenda Bawshar, ambako vilima vya mchanga vimesalia katikati ya nyumba za watu, na ukiwa na gari panda barabara ya mlimani iendayo Amerat, uutazame mji wote ukiwaka taa jua linapozama. Usiku, tafuta mahali wanapochoma mishkaki kando ya barabara. Ndiyo, mishkaki kwa jina lake lile lile, pamoja na ukwaju, na huna haja ya kuuliza huliwa vipi.

Jinsi ya kusafiri

Katika mji, mabasi mekundu ya Mwasalat hupita barabara kuu, kutoka Ruwi hadi uwanja wa ndege na Mabela, na nauli yake ni chini ya riyali moja. Kasoro yake ni kwamba hukushusha kwenye barabara kuu, na kutoka hapo hadi unakokwenda huenda ikawa kilomita nzima ya jua. Teksi za kawaida ni nyeupe zenye rangi ya machungwa. Ukisimamisha moja njiani, patana bei kabla ya kufungua mlango. Mimi nashauri uite teksi kwa programu ya simu kama OTaxi, ambayo hukuonyesha bei mapema na kuondoa mjadala.

Mwasalat ina mabasi pia ya kwenda Nizwa na Sur. Yatakufikisha mjini, lakini hayatakupeleka ngome ya Jabrin wala Wadi Shab, kwa hiyo safari ya siku moja kwa basi ni ya Nizwa tu, na hata hiyo sharti uridhike na mji wenyewe.

Kwa waliobaki, gari la kukodi ndilo jambo. Nawasihi mambo manne:

1. Chukueni leseni ya kimataifa kutoka nyumbani, kwani hapana ajuaye mwenye duka atadai nini.
2. Omani huendesha kulia. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura hatapata tabu. Lakini sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda, ambao tumezoea kushoto, hatari yetu haiko barabara kuu, ambako magari yanakuongoza, bali kwenye kipilefti kisicho na gari jingine na katika kutoka kituo cha mafuta asubuhi ukiwa na usingizi.
3. Kamera za mwendo zimejaa. Barabara kuu za nje ya mji aghalabu huruhusu kilomita 120 kwa saa, na faini hukufuata kupitia kadi uliyolipia gari.
4. Gari dogo la kawaida latosha kwa safari zote ninazozieleza hapa. Jabal Akhdar ni jambo jingine: polisi wamesimama chini ya mlima karibu na Birkat al-Mauz, na asiye na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hurudishwa hapo hapo. Usijaribu kuwabembeleza.

Saa, joto na Ijumaa

Nimezitaja saa kwa hesabu yetu. Mwarabu huhesabu kutoka usiku wa manane, basi ukiambiwa "saa nane asubuhi" ni saa mbili yako. Wapo wasafiri wa Kiswahili walioachwa na boti kwa kadhia hiyo.

Msimu mzuri ni kuanzia Novemba hadi Machi. Kuanzia Mei hadi Septemba joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na unyevu wa bahari hulizidisha; ukilazimika kwenda wakati huo, maliza kila safari kabla ya saa tano asubuhi. Maduka mengi hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, na mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa asubuhi mji hulala. Katika Ramadhani, usile wala usinywe hadharani mchana, hata ndani ya gari, uwe Mwislamu au usiwe.

Njia ya bara: Nizwa, Bahla na Jabrin

Kama una siku moja tu ya kutoka Maskati, itoe kwa Nizwa. Ni kama kilomita 150, barabara pana inayopita katika mwanya wa milima wa Sumail, na kwa muda usiofika saa mbili utakuwa umefika mahali palipokuwa makao ya maimamu, tofauti kabisa na pwani, kwa hewa, kwa majengo na kwa tabia ya watu.

Mnada wa mbuzi huwa Ijumaa asubuhi. Wauzaji huzunguka duara wakiwakokota wanyama wao, wanunuzi wamesimama pande mbili, wa ndani na wa nje, na bei hutajwa mbuzi akiwa anatembea. Mnunuzi humshika, humfungua kinywa, humpapasa, akamwachia aende zake au akalipa. Hayo huanza mapema, na ikifika saa tatu asubuhi yamekwisha. Kutoka Maskati basi sharti uondoke gizani, baada ya Alfajiri. Usiyeweza, lala Nizwa usiku wa Alhamisi, au uuache mnada na uende siku nyingine, kwani ngome na soko hazipungui thamani kwa kukosa mbuzi. Ukiwa katika mnada, usisimame ndani ya njia ya wanyama ili upige picha. Wale wamekuja kazini.

Ngome ya Nizwa, yenye mnara wa mviringo mnene usio na mfano Omani, ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, ambaye mwaka 1650 aliwatoa Wareno Maskati. Ujenzi wake ulichukua miaka 12. Panda ngazi pole pole na utazame juu ya kila mlango: utaona tundu ambalo walinzi walimwagia adui asali ya tende iliyochemka, na chini ya miguu yako kuna mashimo ambayo zamani yalifunikwa kwa mbao zilizoweza kuondolewa. Kiingilio cha mgeni ni riyali kadhaa.

Wengi huishia hapo wakarudi, nami nawaambia wamekosa kilicho bora. Endelea kilomita kama 40 hadi Bahla, ambako ngome kubwa ya udongo iliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 1987, uitazame kutoka nje ukipenda, kisha sogea mbele kidogo hadi Jabrin. Hii ni kasri zaidi kuliko ngome, iliyojengwa na Imamu Bil'arab, mwana wa yule Sultan bin Saif, na ndani yake mna dari za mbao zilizochorwa maua na maandishi, ghala la tende lenye mifereji sakafuni ya kukusanyia asali yake, na kaburi la Bil'arab mwenyewe. Alishindana na ndugu yake Saif, na Saif ndiye aliyeshinda. Ni huyo huyo Saif bin Sultan ambaye majeshi yake yaliitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa miaka. Mtu wa pwani yetu akisimama katika vyumba vile anasimama katika nyumba iliyoamua mambo ya kwao, na kwa sababu hiyo naiweka Jabrin juu ya Nizwa, ingawa wauzaji wa safari huipa saa moja tu mwishoni.

Ukirudi, simama Birkat al-Mauz, utembee chini ya mitende ukifuata falaji, mfereji wa kale wa kugawa maji mashambani. Mifereji 5 ya namna hiyo iko katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2006. Maji yale ni ya watu: usioge ndani yake, wala usitie sabuni.

Njia ya pwani: Wadi Shab na Sur

Upande wa mashariki barabara hupita Qurayyat na kufuata bahari hadi Sur, kama kilomita 200. Mpangilio wangu ni huu:

- Hawiyat Najm, karibu na Bimmah. Ni shimo kubwa lililoporomoka katika mawe ya chokaa, lenye maji ya kijani kibichi na ngazi ya kuteremkia. Nusu saa inatosha.
- Wadi Shab, Tiwi. Hapa ndipo pa kutumia siku. Boti ndogo hukuvusha kwa riyali moja kwenda na kurudi, kisha unatembea baina ya kuta za mlima kwa dakika 40 hadi saa nzima, juu ya mawe, hata ufike kwenye madimbwi ya maji maangavu. Atakaye kuona maporomoko yaliyofichika pangoni lazima aogelee.
- Sur. Fika hapo alasiri, jua likiwa limepoa.

Wasomaji wanawake huuliza kama kuna pa kubadilishia nguo na kama wataweza kuogelea. Wataweza, wakivaa fulana na suruali juu ya vazi la kuogelea, na wajitayarishe tangu hotelini. Mzee wa magoti mabovu na mtoto mdogo wabaki kwenye mitende ya mwanzo, hapana aibu. Asiyejua kuogelea asidanganywe na vijana wanaomwambia maji ni mafupi. Mengine hayafiki kiunoni, na mengine hayana chini ya kusimama. Simu itie katika mfuko usiopitisha maji. Vaa viatu vinavyoweza kulowa, wala si ndara, kwa kuwa mawe yanateleza.

Sasa hadhari iliyo kubwa kuliko zote katika makala haya. Wadi, yaani korongo, ni njia ya mafuriko. Mvua hunyesha juu ya mlima ambako huioni, ilhali kichwani pako jua linawaka, na maji hushuka kwa ghafla, yakiwa na mawe na magogo, kiasi cha kubeba gari. Watu hufa karibu kila mwaka kwa kudharau jambo hili. Soma utabiri wa hali ya hewa asubuhi. Ukiona mawingu yamekaa juu ya milima, badilisha safari. Na barabara ikipitiwa na maji, usivuke hata kama gari la mbele limevuka. Kuvuka wadi iliyojaa ni kosa la jinai huko, na polisi hawakusamehe kwa kuwa u mgeni.

Sur yenyewe itamgusa msomaji wa Lamu au Unguja. Manahodha wake ndio waliokuja kwetu na kaskazi wakirudi na kusi, wakichukua tende na chumvi na kuondoka na boriti za mikoko, na karakana ya majahazi ingali ikifanya kazi kando ya khori. Karibu yake limewekwa jahazi Fatah al-Khair, lililojengwa hapo mwaka 1951, likauzwa, kisha likanunuliwa tena kutoka Yemen na kurudishwa nyumbani. Njiani utapita Qalhat, bandari aliyoizuru Ibn Battuta, ambako kaburi la Bibi Maryam bado limesimama. Ulizia kwanza kama pamefunguliwa kabla ya kukata kona.

Kasa wa Ras al-Jinz, mashariki ya Sur, huonekana usiku. Atakayekwenda alale huko; kurudi Maskati usiku wa manane baada ya siku ya Wadi Shab ni kutafuta ajali.

Njia ya magharibi, na ya baharini

Nakhal ni safari ya nusu siku, kwa wazee na watoto: ngome juu ya mwamba, mitende chini yake, na chemchemi ya maji ya moto ya Thawara ambamo watu hutia miguu. Ukiwa na nguvu, ongeza Rustaq, ambako amezikwa Imamu Ahmad bin Said, mwasisi wa dola ya Busaidi, babu yao masultani wa Zanzibar.

Baharini, boti huenda visiwa vya Daymaniyat, penye matumbawe na kasa. Ni hifadhi, hivyo mwenye boti ndiye achukuaye kibali. Muulize kama anacho kabla ya kulipa.

Kiswahili kitakufaa, kwa adabu

Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kutawala mwaka 1970, familia nyingi zilizokuwa Zanzibar na bara zilirejea au kuhamia Omani, na lugha yetu husikika leo katika ofisi, sokoni na majumbani. Usidhani lakini kwamba kila mtu anaijua, wala usimwanze mtu kwa Kiswahili kwa sababu ya rangi yake. Toa salamu ya Kiarabu kwanza. Akikujibu "u hali gani," mwite mzee kwa heshima yake, na usimhoji habari za mapinduzi katika mazungumzo ya kwanza. Kama anataka, atakusimulia mwenyewe, na huenda ikachukua vikombe vingi vya kahawa. Kahawa ikikutosha, tikisa kikombe unapokirudisha.

Makosa ninayoyasikia kila mara

- Kuunganisha Nizwa na Wadi Shab katika siku moja. Ramani inadanganya, ni pande mbili.
- Kuifananisha riyali na dola. Riyali moja ni dola 2.6 za Marekani, na imegawanywa baisa 1,000.
- Kupiga picha wanawake, askari, au majengo ya serikali bila ya idhini.
- Kuingia wadi na chupa moja ya maji. Chukua lita 3 kwa kila mtu.
- Kutomwambia yeyote unakokwenda. Mwachie mwenye hoteli jina la mahali na saa ya kurudi, kwa sababu katika makorongo simu hazishiki.

Penye mtandao, nambari ya dharura ni moja kwa polisi, zimamoto na gari la wagonjwa nchi nzima: 9999.